Dawa Inayowaka Tumboni

Nairobi, 12 Agosti 1996

Dada yangu Benta,

Salamu tele huko Sori. Ndugu yako, aliyevuka mpaka wa Isebania mara mia bila kitambulisho, sasa anawaka! Nilidungwa dawa yenye mionzi, na kwenye picha uvimbe ukametameta tumboni kama taa za wavuvi wa omena ziwani. Nikauliza:

"Daktari, nani fundi wa maajabu haya?"

"Kampuni mbili za ng'ambo, mzee. Kila moja inadai ndiyo iliyovumbua kufunga mionzi kwenye protini inayosaka uvimbe. Korti imezuia dawa."

Basi sindano ya pili, ya kuonyesha pa kupasua, inangoja kesi iishe.

Benta, ule mzizi wa mama yetu wa kutibu watoto, ambao wewe unamficha mke wangu Edith, mwonyeshe leo. Mtoto mgonjwa asingoje ninyi mshindane; nimejua kungoja kulivyo.

Nduguyo anayeng'aa,
Zablon