Mama Hataki Milango ya Sebule Ishushwe

Namgol, Yeongju
28 Novemba 1974

Mpendwa mdogo wangu Gyu-seok,

Hujambo huko Ujerumani? Kifua chako kinaendeleaje na vumbi la mgodini? Unakula ukashiba? Sisi tunasukuma siku, na mitungi ya kimchi, kabichi yetu ya kuchachusha ya msimu wa baridi, tumeshaizika uani.

Hali ya mama si nzuri, sitakuficha. Macho yamekwisha kabisa. Tangu mavuno amehamia sebule ya marehemu baba, yeye ambaye maisha yake yote hakuupita ule ukuta wa kuwasitiri wanawake kukiwa na wageni. Anasema sebule ya mwenye nyumba ikilala baridi, watu watasema nyumba haina mwanamume. Kwa hiyo kuni zote zinakwenda kwenye jiko la chini ya sakafu ya kule, na mimi huku vyumba vya ndani nalala na soksi mbili.

Angalau alikuwa anapata joto. Alijilaza pale sakafu inapochemka, akitega sikio langoni. Unalijua lango letu linavyolia kama ng'ombe mgonjwa. Kila likilia anauliza, "Ni yeye?" Ni mimi, mama, na ndoo ya maji.

Basi baba mdogo Deok-chil, kwa wema wake tu, akalipaka mafuta. Mama alipogundua alimpasha kisawasawa. "Nani kakutuma, we Deok-chil? Sasa mwanangu aingie kama mwizi, nami nisijue?" Baba mdogo, na ndevu zake zote, akaondoka na kopo lake la mafuta.

Hapo ndipo mama alipoagiza milango yote ya sebule iinuliwe na kuning'inizwa kwenye ndoano za boriti, kama tunavyofanya siku za joto, ili asikie hatua za mtu uani. Theluji hii! Moto unawaka chini na joto lote linatoka nje. Nikamwambia atakufa na baridi. Akanijibu, "Nyamaza. Wewe una macho."

Alipolala nilishusha mmoja. Aliamka akaupapasa, akalia. Sijathubutu tena. Sasa ana homa, na daktari anasema huenda asiuone mwaka mpya.

Nimekukasirikia, mdogo wangu. Mkataba wako uliisha tangu masika, ukaongeza mwingine bila hata kutuuliza. Hatutaki pesa zaidi. Tunakutaka wewe.

Baba mdogo na mkewe wanakusalimu sana, na shangazi wa ng'ambo ya kijito pia. Mababu wakulinde huko chini ya ardhi na wakutoe salama.

Ukifika, simama langoni ukohoe kwanza, kama baba alivyokuwa akikohoa kabla ya kuingia upande wa wanawake. Mama atakujua. Lakini ukikuta milango imeshushwa, usijisumbue kukohoa. Ingia tu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Myeong-rye