Fuvu la Kwa Gondjwa

Jumatatu, 7 Juni 1926
Mafuvu tena leo. Napangusa vumbi, nasoma kikaratasi kilichofungwa kwa uzi, naandika daftarini: mnyama gani, kauawa wapi. Kasha liliachwa bohari na Wadachi. Bwana, Mwingereza mkuu wa ofisi yetu, anataka kila mahali pajulikane kabla halijapelekwa Ulaya. Swala, Sikonge. Nyani, Puge. Rahisi. Kisha fisi, mkubwa: "Kwa Gondjwa, njia ya misafara." Sijapata kupasikia.

Jumatano, 9 Juni
Nimeuliza Gongoni nzima, mtaa wetu hapa Tabora. Madukani, kanisani kwetu, hata kwa Waarabu. Hakuna anayemjua mtemi wala jumbe aitwaye Gondjwa. Mke wangu Maria kasema niandike Tabora tu, yaishe. Siwezi.

Alhamisi, 10 Juni
Baiskeli hadi Ntalikwa, fuvu kikapuni. Kwa Mzee Mihambo, aliyekuwa mpagazi ujanani. Nikamwamkia, nikamsomea kikaratasi. Akaniambia nisome tena.

"Mwanangu, Mdachi hakusikia vizuri. Si Kwa Gondjwa. Kwa wagonjwa."

Ndui iliingia msafarani mwao. Aliyeshindwa kutembea aliachwa pale, chini ya mwamba, na kibuyu cha maji. Mdogo wake Kapela aliachwa. Wao wakapiga kambi mbele kidogo. Alfajiri Mdachi, mkuu wa msafara, akarudi na bunduki, akaua fisi palepale, katikati ya wagonjwa.

"Kichwa chake nilikibeba mimi mpaka Tabora. Kiko wapi sasa?"

Nikasema kipo ofisini. Kilikuwa kikapuni, hatua mbili kutoka alipoketi. Mimi ni mwoga.

Ijumaa, 11 Juni
 Kila nikiyagusa meno yale, nanawa mikono. Nimemweleza Bwana yote, nikaomba fuvu lizikwe. Alisikiliza kwa adabu. Akasema ni mali ya makumbusho. Akauliza umbali wa mahali pale kutoka mjini.

Jumamosi, 12 Juni
Nimeliiba. Nikifukuzwa, nifukuzwe.

Nilimpakia mzee nyuma ya baiskeli mpaka mwambani. Adhuhuri. Hata ndege hakulia. Vigae vya vyungu, shanga za buluu mchangani.  Nikakiri uongo wangu, nikampa fuvu na jembe.

Alilipakata kama mtoto. Jembe hakuligusa.

"Lirudishe. Huyu alikuwa na njaa tu. Aliyemwacha Kapela ni mimi."

Kisha akasimama, akaliita jina la ndugu yake kuelekea porini. Mara tatu. Kila mara alinyamaza, akasikiliza. Nami nilisikiliza. Niliogopa kwamba ataitikiwa. Niliogopa zaidi kwamba hataitikiwa.

Jumatatu, 14 Juni
Fuvu nimelirudisha kabla Bwana hajafika. Kwenye kikaratasi kipya nimeandika: "Mahali walipoachwa wagonjwa. Hapa aliachwa Kapela, mpagazi." Bwana akaikata sentensi ya pili. Alipokwenda kula nikaiandika upya, kwa wino, nikapigilia kasha misumari.

Limeondoka na treni ya jioni. Nilidhani nitapumua. Bado.

Jumapili, 20 Juni
Baada ya ibada nimekwenda Ntalikwa. Tumebambua karanga, mimi na mzee. Sikuuliza kitu. Akaanza mwenyewe: Kapela utotoni aliiba asali mzingani, akarudi nyumbani midomo imevimba, akaapa kwamba hajaonja hata tone.

Mzee amecheka mpaka akakohoa. Nimemletea maji. Tumeendelea na karanga.