Pedeli Iliyokataa Kurudi

Lodwar,
21 Mei 2013

Kwa ndugu yangu Aregae, huko Lokori,

Ejok, salamu za kwetu. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, maana kuisoma ukiwa umesimama si vizuri kwa mtu wa umri wako. Goti lako je? Na shemeji, bado anakunyima sukari? Sisi hapa tu wazima. Joto ni lilelile, mto umepungua tena, na jino langu moja la mbele limeniaga bila hata kuniambia kwaheri. Yaliyobaki yanatosha nyama laini.

Jambo la kwanza ujue kwamba mimi, kaka yako Ejore, nimesimamisha gari lililopandwa na wazimu kwenye barabara ya Kakuma, kwa mkono mmoja, nikaokoa watu kumi na mmoja. Habari hiyo nimeisimulia mjini mara nne, na kila mara inanoga zaidi. Lakini wewe unanijua tangu tukitembea uchi, kwa hiyo nakuambia mapema: si kweli. Mkono niliunyoosha, hilo sikatai. Ulichofanya mkono huo utakisoma hapa chini.

Nakuandikia kwa sababu simu ungeikata. Barua haikatwi. Nimesikia kwamba Jumamosi utakuja kuchukua ufunguo wa pikapu yako kwa Lomenen, na kwamba dereva huyo hatagusa tena gari la mtu wa ukoo wetu. Yeye ameshaliosha, anakungoja. Mke wake ana mimba ya miezi saba, na kazi nyingine hana. Basi soma kwanza hadi mwisho, halafu ukasirike, na umkasirikie anayestahili.

Siku ile tulitoka Lodwar asubuhi. Nyuma walipanda watu wanane na mizigo yao. Mbele tulikuwa watatu: Lomenen kwenye usukani, mimi mlangoni kama kawaida ya kaka wa mwenye gari, na katikati yetu Nyabol, yule mama wa Sudan Kusini anayeuza samaki wakavu pale kambini Kakuma. Unamfahamu, yule mrefu ambaye akikaa ndani ya gari huinamisha kichwa kama anayesali. Njia nzima alinidhihaki. Alisema mzee kama mimi kazi yake ni kuzuia mlango usifunguke. Nikamwambia kwamba samaki wake wananuka kuliko dhambi. Akajibu kwamba pua iliyozeeka hivyo ingeshukuru kunusa chochote.

Lami ya barabara ile unaijua, imekufa miaka mingi, na magari hupita pembeni kwenye vumbi. Lakini kuna kipande kimoja kabla ya Kakuma ambacho bado ni kizima. Hapo Lomenen akapanda juu ya lami, akaongeza mwendo kidogo, halafu akatoa mguu. Gari halikupungua. Likazidi kukimbia. Nilimwona akikanyaga pedeli ya mafuta mara moja, upesi, kama mtu anayeamsha ng'ombe aliyelala, lakini ilikuwa imeshikwa chini na haikurudi. Mbele yetu barabara inashuka na kukatiza lagga, ule mto mkavu, na pale kwenye mchanga walikuwa wanawake na madebe yao, wakichota maji kwenye visima walivyochimba. Niliwahesabu saba. Sijui kwa nini nilihesabu.

Sasa ndipo mkono wangu ulipofanya kazi. Nilipiga kelele kwamba auzime moto. Alipokawia nikajitupa juu ya magoti ya Nyabol, nikanyoosha mkono hadi kwenye ufunguo ili niuchomoe kabisa. Nyabol akaniuma. Ndiyo, Aregae, aliniuma kwa meno, hapa juu ya kiganja, na alama ipo. Mjini nimesema nilikatwa na kioo.

Lomenen hakupiga kelele. Alikanyaga breki mara moja kwa nguvu zake zote, akaikandamiza hapohapo bila kuiachia. Mguu wa pili ukakanyaga klachi, mkono ukaitoa gia na kuiweka fri, pale ambapo injini hailivuti gari tena. Injini ililia kama punda anayechomwa kwato, nikaamini itapasuka. Lakini gari lilianza kulegea. Akaiacha lami, akaliingiza gari kwenye mchanga mzito upande wa kushoto, mbali na wale wanawake, na mwendo ulipokuwa umebaki kidogo tu tukagonga kichuguu. Ndipo akazima moto. Hakuna aliyeumia. Rejeta ilitoboka, bampa ilijikunja, na samaki wa Nyabol walilala mchangani wakiangalia juu.

Watu wa nyuma waliposhuka walimvamia Lomenen kwa maneno. Wao hawakuona miguu yake. Walichosikia ni upepo masikioni tu. Mmoja akasema dereva alikuwa akishindana na kivuli chake. Mwingine akamnusa mdomo kutafuta pombe. Lomenen alisema kwamba pedeli ilishikwa. Hawakumwamini. Ndipo akasema kwa upole kwamba mzee alikuwa mbele pamoja naye, wamuulize mzee.

Wakaniuliza. Nikasema kwamba mimi nilikuwa nikitazama mbuzi nje ya dirisha.

Gari lilivutwa hadi Kakuma kwa Chuol, fundi mmoja wa kambini mwenye kofia ya sufu jua lote lile. Aliingia kichwa chini, miguu juu, akakaa huko kwa muda. Alipotoka alikuwa ameshika manyoya machache ya kahawia kati ya vidole, akauliza kama gari hili linafuga mbuzi. Watu wakacheka, mimi nikacheka kuliko wote. Alisema waya wa mafuta ni mzima, springi ni nzima, basi kuna kitu kiliibana pedeli na sasa hakipo.

Aliposikia habari ya mkono wangu, maana Nyabol alimsimulia na kuonyesha meno yake, Chuol aliniketisha juu ya tairi akanifundisha kama mtoto wa darasa la kwanza. Alisema ningeuchomoa ule ufunguo, usukani ungejifunga, na tungeenda moja kwa moja hadi kwa wale wanawake kama jiwe. Alisema pia kwamba ukiipiga breki mara nyingi mara nyingi, inakauka nguvu na kuwa ngumu kama ukuta. Ikanyage mara moja tu na ubaki nayo. Usiiname kuvuta kitu miguuni gari likiwa linakimbia. Weka fri, acha injini ilie, kelele haijaua mtu. Toka barabarani. Likishasimama ndipo uzime. Akanirudishia maneno hayo mara tatu na kunitaka niyaseme mwenyewe. Halafu akasema Lomenen alifanya yote hayo bila kufundishwa na mtu, na kwamba yeye Chuol angempa gari lake siku hiyohiyo, kama angekuwa na gari.

Ulipopiga simu jioni ile uliniuliza mimi, kwa sababu mimi ni kaka yako. Nikakujibu kwamba vijana wa siku hizi wana miguu mizito. Maneno hayo ndiyo yanayokuleta Jumamosi.

Sasa kaa vizuri.

Unamkumbuka yule beberu wako wa kahawia uliyeniachia nikutunzie? Nilikuambia fisi alimchukua. Fisi huyo ni mimi, na wazee wenzangu watatu. Tulimchoma kule mtoni, juu ya majani, kwa heshima zote, na paja tulilitaja kwa jina lako. Ikabaki ngozi. Nyumbani singeweza kuipeleka, mke wangu anaitambua kila ngozi kama mwalimu anavyotambua mwandiko. Kumpa mwanamke yeyote aitandaze kwa vigingi, aikwangue na kuipaka mafuta, ilikuwa sawa na kutangaza kanisani. Nikaianika mwenyewe siku mbili juu ya mwiba. Halafu nikaona sakafu ya pikapu, ile ambayo mpira wake umeisha na chuma kinachoma miguu ya dereva. Nikaitandika pale, nikamwambia Lomenen kwamba ni zawadi ya mzee. Alinishukuru.

Ngozi mbichi, joto la injini chini yake, mchana wa Turkana juu yake: mtoto wa miaka sita angejua itajikunja. Ilijikunja kama sikio, ikaipanda pedeli na kuilaza. Tulipogonga kichuguu na watu wakaanza kuruka, mimi niliinama, nikaivuta, nikaenda pembeni na kuikalia chini ya mti wa miiba kama mzee aliyechoka. Lomenen aliniona. Alinitazama, akaitazama ile ngozi, halafu akageuka kwenda kuwasaidia kuokota samaki. Mpaka leo hajamtajia mtu ngozi hiyo. Jana aliniletea maji.

Basi ufunguo mwachie. Beberu nilimla mimi, gari nililiharibu mimi, na uongo wa simu ni wangu. Nyabol anasema atakuwepo Jumamosi kuhakikisha kwamba umesoma.

Wasalimie watoto, wamsalimie na yule mbuzi aliyebaki. Mwambie shemeji kwamba jino lililotoka halikuwa lile la dhahabu, maana sikuwahi kuwa nalo.

Neno la mwisho. Mwaka ule mama mkwe wako alipokuja kukutafuta, nikamwambia kwamba umelazwa hospitali na huwezi kuonwa, nawe ulikuwa Eliye Springs ukila samaki, uliniambia niombe chochote. Sijawahi kuomba. Naomba sasa: ukiwasomea watu mambo haya ili kumsafisha Lomenen jina, wasomee asubuhi, kabla ya saa nne. Saa hizo nitakuwa nimeenda mtoni kuoga, na nitaoga polepole.

Kaka yako anayekupenda bado, mwenye meno machache,
Ejore