Nyangumi Uliyemwona Bila Mimi

Zuwena, shoga yangu,

Mungu akurehemu. Nakuombea kila nikisali, hata leo, na leo nna hasira na wewe ambazo sijapata kuwa nazo na mtu aliye hai.

Jana nilikwenda kwenu Bawshar kumtazama mwanao Rayya. Nguo zako zishagaiwa, nyumba imekuwa kubwa mno. Tukakaa jikoni. Nikamwambia safari yetu ya Hawaii nimeifuta, makumbusho yale ya visiwa vya Polinesia sina haja ya kuyaona peke yangu. Nikaanza kumhadithia: nyangumi anayening'inia juu ya ukumbi, majoho ya manyoya ya ndege waliyovaa wafalme wa huko. Mtoto machozi yakamtoka.

"Khaala," akaniita, kama mtu anayemwita dada wa mama yake, "sisi tulikwenda. Mama alinikataza kukwambia."

Mlikwenda. Wakati ule uliponiaga kwamba unakwenda Bangkok kutibiwa goti. Nikakusomea dua mlangoni, nikakufungia kaimati za njiani! Ukarudi na kichupa cha mafuta ya kuchua, ukanichua bega kwa mkono wako, "Hii ndiyo dawa, Asya."

Na baada ya hapo uliendelea kupanga na mimi. Hilo ndilo linaloniuma. Tulikaa Matrah, kwenye kile kimkahawa cha karibu na soko, ukanifungulia picha kwenye simu. "Tazama ngalawa zao, zina matengo ubavuni kama za Nungwi. Nani kawafundisha?" Ukaniuliza tuanzie wapi, kwenye ngalawa au kwa ndege waliotoweka duniani. Nikasema ndege. "Haya bibi, ndege." Nawe ushawaona! Ukanywa chai yako, uso mkavu. Tangu tuko wasichana tunaokota kombe ufukweni Qurayyat na kugombania majina yake, sikujua kama unaweza kunidanganya hivyo.

Nilimuuliza Rayya kwa nini. Akasema daktari alikuwa keshakwambia kwamba siku zako zimebaki chache. Ulimwambia mwanao, "Asya akijua hatatazama kitu. Atanitazama mimi tu."

Ningekutazama. Ndiyo, ningekutazama! Ilikuwa haki yangu. Nyangumi yupo pale miaka nenda miaka rudi, Zuwena. Wewe ulikuwa unakwenda zako, na mimi nnachagua viatu vya kutembelea.

Rayya akanishika mkono. Akasema ulichoka mapema, ukakaa kwenye benchi, na ulipoambiwa bado ndege ukasema, "Hao nitawaona na Asya." Sijui kama ulisema kweli. Sijui hata kama ulisema, au mtoto kanihurumia tu. Umeniachia hilo pia: maneno yako mazuri nayapima, mimi niliyekuwa nakuamini kabla hujamaliza sentensi.

Basi safari siifuti tena. Nakwenda, na Rayya nakwenda naye, skuli zikifungwa. Nakuahidi nitamlea kama wangu, na sitamficha jambo, hata likiwa zito, hata akinionea huruma.

Msamaha bado. Usinihimize. Lala, shoga yangu, kaburi lako lijae nuru. Nikifika kule nitawatazama ndege wote, mmoja mmoja, bila haraka. Kisha nitamwambia Rayya anioneshe lile benchi, nikae, nikutazame.

Asya