Kura Iliyopigwa Kati ya Ndoo Zangu

Dada yangu msomi,

Huku hatujambo, ila mama anakula kwa kulazimishwa. Mimi sasa ni fundi rangi wa ukumbi wa Bunge, kwa hiyo nisalimie kwa adabu!

Baba bado yuko rumande, siku ya ishirini na moja, bila kuambiwa kosa. Jana wakili wetu alimwomba jaji aamuru aletwe mahakamani. Mwanasheria wa serikali akasema haki hiyo imesimamishwa kwa amri ya hali ya hatari, iliyotangazwa siku ile baba alipokamatwa. Wakili akafungua katiba: amri hiyo inakufa baada ya siku kumi na nne, Bunge lisipoipitisha.

"Lilishaipitisha, kwa kura, ukumbini," akajibu yule bwana.

Nikaangua kicheko. Jaji akanikazia macho. "Wewe kijana, vipi?"

"Mheshimiwa, walikaa wapi? Mwezi mzima viti viko nje, ndani ni ndoo zangu tu!"

Nikaapishwa, nikaeleza. Jaji ameamuru baba aletwe Jumatatu asubuhi.

Lakini dada, hili linaninyima raha: bunduki wanazo, funguo wanazo. Mbona walihangaika kutunga kura?

Mdogo wako uliyesema hatafika popote