Hesabu ya Mlango wa Kanisa

Baba yangu,

Shikamoo. Najua huko mgombani tulikokuzika hutaniitikia, lakini ulinilea hivyo, nisifungue mdomo mbele ya mkubwa kabla ya salamu, na leo sina ujasiri wa kuanza na neno jingine.

Nakuandikia nikiwa Same mjini, kwenye mgahawa ulio jirani na stendi. Kompyuta iko mezani na chai imeshapoa. Ni saa saba mchana. Ikifika saa tisa lazima niwe nimetuma ripoti kwa Mkurugenzi, na mpaka sasa sijui nitatuma ipi, maana ninazo mbili. Moja ina kurasa kumi na nne, nyingine kumi na tatu. Tofauti yao ni ule ukurasa wa saba tu, na kwa ajili yake nimekuwa kama siku ile uliponikuta nyuma ya banda la ng'ombe, sitaki kula, sitaki kuitwa.

Barua hii naiacha wazi, aisome atakaye. Huenda na yeye ameambiwa autoe ukurasa wake.

Uliondoka kabla hujaielewa vizuri kazi yangu. Uliwaambia watu kanisani kwamba binti yako anaendesha ndege, nami nikakuacha, kwa sababu kukusahihisha kungekuharibia raha. Ukweli ni kwamba siendeshi chochote, hata baiskeli inanishinda. Kazi yangu ni kukaa mezani na kuhesabu watu. Shirika letu la ndege likitaka kuongeza ndege, sisi ndio tunaopima ni ya ukubwa gani na kwa safari zipi, halafu wakubwa wanaamua.

Safari hii zinatafutwa jeti ndogo kwa njia fupi za humu nchini, zile za kama saa moja angani. Baada ya kuchuja zimebaki aina mbili. Moja ina viti sabini na kitu, nyingine inapita mia. Ile kubwa inapendeza kwenye karatasi: chukua gharama ya safari, gawa kwa viti vyake vyote, kila kiti kinatoka kwa bei nafuu. Ile ndogo kiti chake ni ghali zaidi, ila safari yenyewe ni nafuu, kwa kuwa inakunywa mafuta kidogo, ni nyepesi hivyo ada ya kutua iko chini, na wahudumu wanaohitajika ni wachache. Kwa hiyo huwezi kuuliza tu ipi ni nzuri. Unauliza ni viti vingapi vitakaliwa siku ya kawaida, Jumanne yenye mvua, ambapo hasafiri mtu ila mwenye shida. Kiti kitupu hakina unafuu wowote. Watu wakiwa ni wale wale, kubwa utairusha mara moja kwa siku ili ijae. Ndogo utairusha asubuhi na jioni, na mtu atakwenda kwenye shughuli yake akarudi kulala kwake.

Wewe ungenielewa papo hapo. Hiyo si ndiyo Landrova yako na basi lako?

Naikumbuka Landrova ile ya kijani, na mabenchi mawili nyuma. Ulishuka nayo kutoka Vudee, kwetu mlimani, kabla jua halijachomoza, saa nne uko nyumbani, ukashuka tena, na siku ya gulio ukashuka mara ya tatu. Mwalimu wetu alikwenda ofisi ya elimu asubuhi na mchana yuko darasani anatuchapa. Kina mama walipeleka ndizi na tangawizi Same na jioni wako jikoni kwao. Hakuna aliyeisifu. Ilikuwepo tu, ikapita.

Halafu ikaja ile Desemba, nikiwa darasa la sita. Wapare wa Dar, wa Arusha, wa Morogoro, wote walipanda kuja kula sikukuu kwao, kama tunavyofanya hadi leo. Landrova ikazidiwa. Watu wakapanda mlima kwa miguu, mabegi kichwani, na wengine wakakusema vibaya ukiwasikia. Ilikuuma. Asubuhi ya Krismasi ukanisimamisha kwenye mlango wa kanisa na daftari langu, ukaniagiza nihesabu kila kichwa kinachoingia, na watoto wa mgongoni wasiachwe. Nilichora vijiti vitano vitano hadi ibada ikaanza, na wimbo wa kwanza sikuuimba. Ulipoiona jumla ulilitia daftari kwenye mfuko wa koti ukazunguka nalo mwezi mzima. Binti yangu amehesabu, uliwaambia wazee. Sijawahi kujiona mkubwa kama siku zile.

Kwa daftari hilo uliuza Landrova ukaleta basi. Kwa daftari hilo kijiji kizima kikatoka msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja, majembe begani, kama tunavyotoka kuchimba mfereji au kujenga shule, safari hii kuipanua ile kona nyembamba iliyo juu ya korongo ili basi liweze kukata. Walichimba upande wa mlima wakajaza udongo upande wa bonde. Mama, mimba ikiwa imeshaonekana, aliwapikia makande siku zote hizo. Basi lilipopanda mara ya kwanza watoto walilikimbilia hadi pumzi zikawaishia, na mimi nilikuwa mbele yao.

Lakini wageni walikuwa wamesharudi mjini, basi likaanza kusubiri. Lilisubiri abiria Vudee, likasubiri Same, likashuka mara moja kwa siku na siku nyingine lisishuke. Mwalimu akawa analala Same. Ndizi za kina mama zikaivia kwenye vikapu. Watu walikuheshimu, hawakukulaumu, nawe ulikaa kwenye usukani ukiangalia barabara kana kwamba watu wa Krismasi watatokea.

Aprili ilinyesha siku tatu bila kukatika, na ule udongo wetu mpya ukaporomoka korongoni. Ikabaki njia ya upana wa Landrova. Nasema hivyo kwa sababu nilikuona ukiupima kwa hatua zako, umelowa, unarudia na kurudia, kana kwamba hatua zinaweza kuongezeka.

Asubuhi ya siku ya nne Mama alishikwa na uchungu, na mkunga akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali Same haraka. Basi lilikuwa uani, zima, tangi limejaa, na halikuwa na pa kupita. Wanaume wale wale wa msaragambo wakamfunga Mama kwenye machela ya miti na mablanketi wakashuka naye kwa miguu, wakipokezana, kwenye utelezi. Walifika jioni. Mama alipona. Mdogo wangu hakulia hata mara moja, na hatukumpa jina.

Ndiyo maana ulinikuta nyuma ya banda. Nilikuwa nimelichukua daftari nikawa navihesabu upya vijiti vyangu, nitafute nilipokosea. Ulikaa chini kwenye majani mabichi, ukalipitia na wewe kwa kidole, mstari hadi mstari, hadi mwisho.

"Umehesabu sawa, mwanangu," ukasema. "Mimi ndiye niliyekutuma Desemba."

Hukulizungumza tena. Uliliuza basi, ukapata Landrova nyingine, kuukuu kuliko ya kwanza, na kila ikikaribia Krismasi ulishuka Same ukakodi malori mawili kwa majuma mawili tu. Wapo waliocheka kwamba ukubwa umekushinda. Uliwaacha wacheke.

Sasa nikwambie kinachonikera. Mkurugenzi wangu naye ni Mpare, wa Msangeni, kule juu ya Mwanga. Si mtu mbaya, na afadhali angekuwa mbaya, ningejua pa kumshika. Desemba iliyopita alipanda ndege kuja kwao, akawakuta watu wetu wamebaki uwanjani Dar na mabegi yao, ndege imejaa, wanawake wana vitenge vya zawadi, wanalia. Alirudi Januari ameshaamua. Anataka ile kubwa. Nikimwonyesha ndogo anabadili mazungumzo, ananiuliza kama nimekula. Ndege ile ya Desemba ilikuja imejaa ikarudi Dar karibu tupu, lakini yeye aliiona ikija tu.

Ukurasa wa saba ndio ulio na Aprili. Una miezi ile ya mvua, watu wachache, viti vitupu. Tena nimeuandika uwanja mmoja wa mkoani ambao njia yake ya kurukia ni fupi. Joto la mchana likipanda hewa inakuwa nyepesi, na ndege inahitaji kukimbia mbali zaidi kabla haijanyanyuka. Ile kubwa, saa saba mchana, italazimika kuacha abiria kadhaa au mizigo yao ndipo itoke. Ile ndogo inatoka na watu wake wote. Nilipokuwa naandika mistari hiyo, Baba, nilikuwa naiona kona yetu.

Juzi Mkurugenzi alinipigia nikiwa njiani kuja kumwona Mama. Kwa upole kabisa akasema ukurasa wa saba utawachanganya wajumbe wa bodi, niutoe, kisha akanikumbusha kwamba mkataba wangu unaisha mwezi huu na karatasi ya kuuongeza iko mezani kwake. Hakunitisha. Alivitaja tu vyote viwili kwa pumzi moja. Nina hofu, sikufichi. Kazi hii ndiyo niliyoisomea, na umri wangu si wa kuzunguka na bahasha ya vyeti.

Jana nililala kwa Mama. Ripoti sikumtajia, nilimuuliza tu kama lile daftari lilishatupwa. Leo asubuhi nikiwa naondoka akanitilia kitu kwenye mkoba, kimefungwa kwenye kanga, akasema nikifungue nikifika chini.

Nimekifungua hapa mgahawani. Vijiti vyangu vipo, wino umekuwa wa kahawia. Nikafunua zaidi nikakuta mwandiko wako, yale maherufi yako makubwa. Kila ukurasa umeandika neno moja juu, Aprili, na chini yake vijiti, vitano vitano. Mwaka huo, uliofuata, na mwingine. Kumbe ulikuwa unakwenda kusimama kwenye mlango wa kanisa peke yako, kwenye mvua, ukihesabu waliobaki. Kwenye kurasa za mwisho mistari inayumba, ni wakati ule mkono ulipoanza kukusumbua. Hukuniambia, Baba. Miaka yote hiyo nilidhani umesahau, na mimi ndiye niliyebaki na mzigo. Nimelia mbele za watu, mhudumu akaja kuuliza kama chai ina kasoro.

Saa nane na nusu simu imelia. Mkurugenzi. Nimetoka nje kupokea.

"Wewe ni mtu wa kwetu," amesema. "Unataka watu wetu waendelee kubaki uwanjani?"

"Hapana, Bosi. Desemba tukodi ndege kubwa, na marubani wake, kwa majuma mawili. Siku nyingine turuke na ndogo, asubuhi na jioni."

Akabisha. Nikabisha. Watu hutucheka Wapare kwa kupenda kesi, na wangetusikia wangepata ushahidi. Mwishowe akauliza:

"Na ukurasa wa saba?"

"Umo."

"Basi usije ukanilaumu," akasema, akakata.

Sijui amemaanisha nini. Labda atautoa mwenyewe kabla bodi haijakaa Jumatatu. Labda mwezi ujao nitakuwa Vudee namsaidia Mama kupalilia maharage, na wewe utapata wa kuzungumza naye. Lakini nimerudi mezani, nimelifungua daftari kwenye ukurasa wako wa mwisho, nikaupiga picha, nikauweka nyuma kabisa ya ripoti bila maelezo yoyote. Mtu wa Msangeni akiona Aprili na vijiti chini yake atajua ni watu wamehesabiwa. Na kwao kuna mvua, kuna kona, kuna watu wanaobaki.

Saa tisa kasoro dakika tano nimeituma, ile ya kurasa kumi na nne, na ule wako ukiwa wa kumi na tano.

Lala salama, Baba. Safari hii nimehesabu Aprili.

Ni mimi, binti yako uliyemsimamisha mlangoni.