Tarumbeta ya Bendera

Kakoba, Jumamosi, Agosti 2012

Aibu gani hii. Bendi ya harusi imepita sokoni, tarumbeta ikalia, nami nikasimama wima, nyanya mkononi.

Mteja akaniuliza, "Mama, wewe iko sawa?"

Katika kambi ya jeshi nilikokulia, bendera ikishushwa jioni kwa tarumbeta kila mtu aliganda. Mpira tuliuacha ujiviringikie hadi mtaroni. Mama aliganda na mwiko wake, Baba na saluti yake, na jua jekundu juu ya mabati.

Sasa Baba yuko kitandani kijijini Biharwe, hajui tena jina langu. Naogopa nitazoea.

Jioni nimekwenda kwake, nikamwigia ile tarumbeta ya kambini kwa mdomo. Chini ya blanketi miguu yake ikajipanga, mikono ikanyooka.

Sikutaka kuimaliza.